Jibu la Korona Lililowatoa Paka Nyumbani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lamu

Majina ya wahusika, mtaa wao na alama nyingine za kuwatambulisha yameondolewa katika maelezo haya. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya watabibu wa mifugo na wanafunzi wao, lakini pia kwa yeyote anayeishi na paka wengi, kwa kuwa madhara makubwa zaidi yaliyotokea hayakuletwa na kirusi. Yaliletwa na kipimo kilichoombwa pasipo swali la wazi, na jibu lake likasomwa na watu waliokuwa na swali lingine kabisa.

Usuli

Nyumba inayohusika imo katika Mji wa Kale wa Lamu, ambako kuta za mawe ya matumbawe zimesongamana kiasi kwamba mazungumzo ya nyumba moja husikika nyumba ya pili. Waliishi humo bibi mjane, mwanawe wa kiume, mke wa mwanawe aliyekuwa mjamzito, na wajukuu wawili wanaosoma. Bibi amelea paka maisha yake yote. Wakati wa kisa paka waliolala ndani walikuwa kumi na mmoja, na wengine wa vichochoroni walikuja saa za kula tu, kwa sababu walijua kwamba kila asubuhi mabaki ya samaki huletwa pale kutoka sokoni. Kwa Lamu hilo si jambo la ajabu. Vichochoro havipitiki kwa magari, paka hawagongwi, watu wanawapenda, na wanazaana.

Jambo moja la nyumba hiyo linahitaji kuelezwa kwa kina kuliko mengine. Katika ua wa ndani palikuwa na chungu ya mchanga iliyoletwa na punda mwaka uliotangulia kwa ajili ya kupiga lipu ukuta wa nyuma. Kazi ilikwisha, mchanga ukabaki, na paka wote wakaufanya choo. Juu ulionekana mkavu na safi, lakini ukifukua kwa kijiti kina cha vidole viwili tu, ulikutana na vinyesi vya jana na vya mwezi uliopita vimechanganyika. Sufuria la chakula liliwekwa hatua mbili kutoka hapo, kwenye kivuli. Paka aliyetoka kufukia alikwenda moja kwa moja kula, akajilamba nyayo, kisha akamlamba mwenzake. Wajukuu nao walichezea mchanga huo huo.

Mwenendo wa ugonjwa

Paka aliyeugua alikuwa dume wa rangi ya chungwa, mwenye umri wa miezi tisa hivi, aliyeokotwa pamoja na dada yake karibu na soko walipokuwa bado wadogo. Wiki chache kabla ya kuugua alikuwa amehasiwa. Alianza kwa kupunguza kula na kulala kutwa mahali pamoja. Baadaye tumbo lilianza kujaa huku mwili ukikonda, hata pingili za uti wa mgongo zikahesabika kwa kidole. Familia ilidhani ni minyoo, ikampa dawa ya minyoo. Hali ilipoendelea ikanunua antibiotiki katika duka la dawa za mifugo. Homa haikushuka, ilibaki karibu na nyuzi 40.

Ilikuwa katikati ya mwaka 2023, msimu wa kusi. Mtoa huduma wa kwanza aliyeitwa alishuku ugonjwa unaojulikana na watabibu kwa kifupi cha FIP (kwa Kiingereza feline infectious peritonitis), uvimbe wa kuambukiza wa utando wa ndani ya tumbo la paka, na shuku yake ilikuwa sahihi. Alitoa damu na kuomba kipimo cha kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili hutengeneza, dhidi ya kirusi cha korona cha paka. Damu ilivushwa hadi Mokowe kwa mashua na kupakiwa basi la Mombasa, ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu ya wauza samaki. Hapo hakuna la kulaumu. Sampuli ilifika salama.

Jibu lilirudi kwa simu ya kijana wa nyumba, mwana wa bibi, kama picha ya karatasi, bila mtu wa kulieleza. Maneno yaliyosomeka yalikuwa machache: korona, chanya. Kijana aliipeleka picha katika kundi la ukoo, na kabla ya Isha mtaa mzima ulikuwa na habari. Wiki hizo hizo simu za watu zilijaa taarifa za paka wanaokufa kwa wingi Kupro, na mwezi Agosti ikaongezeka taarifa kwamba serikali ya huko imeruhusu dawa za COVID-19 za binadamu wapewe paka. Watu waliunganisha mambo yaliyoonekana kuungana: paka ana korona, dawa yake ni ile ya korona ya watu, basi ugonjwa ni ule ule uliofunga misikiti na shule mwaka 2020.

Mke mjamzito alihamia kwa wazazi wake. Jirani mmoja, mzee anayeheshimika, alitaka paka wote waondolewe kabla ya Ijumaa. Vijana wawili, kwa nia ya kusaidia, waliwatia paka wanne ndani ya magunia na kuwavusha hadi kisiwa cha Manda, ambako maji matamu ni shida hata kwa watu.

Uchunguzi wa pili

Mtabibu wa pili, mwanamke kijana mzaliwa wa kisiwa cha Lamu, alifika kesho yake na kunishirikisha kisa kwa simu tangu siku hiyo. Hakuanza na karatasi ya maabara. Alianza na tumbo. Alinyoa manyoya kidogo, akaingiza sindano nyembamba, akavuta majimaji ya rangi ya manjano, maangavu, mazito. Alipoyagusa kwa vidole viwili na kuviachanisha, yalivutika yakafanya uzi.

Kisha alifanya kipimo cha Rivalta, kilichopewa jina la mtafiti wa Kiitalia aliyekibuni kwa ajili ya binadamu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ndani ya kichupa chenye mililita 8 hivi za maji safi yaliyochujwa alitia tone moja la asidi asetiki kali, akatikisa, halafu akadondosha tone moja la majimaji ya tumbo juu yake. Kama tone lingetawanyika na maji yakabaki meupe, FIP ingekuwa mbali. Halikutawanyika. Lilining'inia chini ya uso wa maji, kisha likashuka polepole kama konyeza wa baharini, umbo lake likiwa halijavunjika. Kijana wa nyumba alikuwa amesimama pembeni akiangalia, na naamini kichupa kile kilimfahamisha mengi kuliko karatasi ya Mombasa.

Tone kushikamana peke yake si ushahidi kamili, kwa kuwa usaha wa bakteria tumboni na baadhi ya saratani huweza kutoa jibu hilo. Kwa hiyo alitazama seli za majimaji chini ya hadubini, akakuta ni chache na hakuna bakteria, jambo lililouweka usaha mbali. Alipima protini ya majimaji, ikawa nyingi mno. Alipeleka damu nyingine kupimwa albumini na globulini, makundi mawili ya protini za damu. Uwiano wake ulirudi chini ya 0.4, kiwango ambacho kikiungana na dalili nyingine huifanya FIP iwe jibu lenye uzito kuliko yote.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu watu, na ulifanyika kabla ya jibu la pili la damu kurudi. Mtabibu aliomba kukaa na bibi, kijana wake na yule jirani mzee pamoja, ili maneno yasipite mdomo hadi mdomo tena.

“Shikamoo mzee,” alianza, “nimekuja kwa sababu ya paka, lakini najua nyinyi mnaogopea watoto. Kirusi alicho nacho paka huyu hakimpati mtu. Kilikuwamo ndani ya paka miaka mingi kabla ya korona tuliyoijua sisi.”

“Lakini karatasi imesema korona, mwanangu,” alijibu mzee.

“Imesema korona ya paka. Ni ukoo mmoja, si kirusi kimoja.”

Aliwaeleza kwamba ugonjwa wa FIP ulielezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1963, na daktari Jean Holzworth wa Boston. Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 alitangazwa Machi 2020. Kwa wazee wale tarehe hizo mbili zilikuwa hoja nzito kuliko maelezo yoyote ya jenetiki. Mzee aliuliza pia kama vyombo walivyoramba paka vitupwe, na swali hilo mtabibu alimwachia imamu wa msikiti wa karibu, ambaye alikumbusha mafundisho yanayofahamika kwamba paka si najisi, ni miongoni mwa viumbe wanaotuzunguka majumbani.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutowapima paka waliobaki. Familia iliomba wote wapimwe, na ada ya kuwapima ingelipwa. Mtabibu alikataa, kwa sababu katika nyumba yenye paka wengi wanaotumia choo kimoja, asilimia 80 hadi 90 yao huwa na kingamwili, na walio wengi hawaugui kamwe. Majibu sita ya “chanya” yangekuwa hati sita za kufukuzwa.

Uamuzi wa tatu ulihusu mchanga. Chungu yote ilitolewa kwa punda siku mbili baadaye. Mahali pake paliwekwa mabeseni mapana, mbali na chakula na kila moja mbali na jingine, yakitolewa kinyesi kila siku na kuoshwa kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa. Sufuria moja la chakula liligawanywa kuwa sahani kadhaa. Ilikubaliwa pia kwamba hakuna paka mpya atakayeingia kwa muda, na kwamba wale wa vichochoroni walishwe nje ya mlango, kwenye daka.

Hapo ndipo mtabibu alipomwambia kijana jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja: mkewe akirudi, asiguse mabeseni yale. Si kwa sababu ya korona. Kinyesi cha paka huweza kubeba vijidudu vya toksoplasma, ambavyo huhitaji kati ya siku 1 na 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, na kwa mimba vina hatari ya kweli. Kuondoa kinyesi kila siku, kazi ifanywe na mtu mwingine, kunawa mikono, na kupika nyama ikaiva: hayo ndiyo yaliyomlinda mama yule. Kumtenga na paka aliyelala mkekani hakukumlinda na lolote.

Kuhusu mgonjwa mwenyewe, dawa inayotibu FIP ilijadiliwa. Mtabibu hakuweza kuipata kwa njia halali kwa wakati, na hakukubali kununua vichupa visivyo na lebo kupitia mtu wa mtandaoni. Paka alipewa dawa ya kutuliza maumivu na kulishwa kidogo kidogo.

Matokeo

Katika wiki ya pili majimaji yalipanda kifuani na paka akaanza kupumua kwa mdomo wazi. Bibi, aliyekuwa amekataa tangu mwanzo wazo la kumlaza, yaani kumuua bila maumivu, alimwita mtabibu mwenyewe na kumtaka asimwache ateseke. Alilazwa kwa sindano, nyumbani, mapajani mwa bibi.

Dada yake hakuugua. Miezi sita baadaye paka wote saba, wale sita waliosalia na mtoto mmoja aliyezaliwa kabla ya mama yake kuhasiwa, walikuwa wazima; mtoto alipata kuhara kwepesi kwa siku chache akapona. Mke wa kijana alirudi nyumbani na kujifungua salama. Paka wanne waliovushwa Manda hawakupatikana, ingawa kijana alikwenda kuwatafuta mara kadhaa.

Uchambuzi: kipimo kilichotangulia

Mtoa huduma wa kwanza alikuwa na shuku sahihi na akachagua kipimo kisichoweza kuithibitisha. Kingamwili husema tu kwamba paka amewahi kukutana na kirusi. Kirusi cha korona cha paka huishi katika utumbo, hutoka na kinyesi na kuingia kwa mdomo, na katika paka walio wengi huleta kuhara kidogo au hakileti kitu. Sehemu ndogo tu ya walioambukizwa, takriban 1 kati ya 10 au chini yake, hufikia FIP, na mara nyingi ni paka wasiofikisha miaka miwili. Kinachotokea kwao ni kwamba kirusi hubadilika ndani ya mwili wa paka yule yule, kikapata uwezo wa kuzaana ndani ya makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu. Seli hizo hukitembeza mwilini, mishipa midogo ya damu huvimba na kuvuja, na tumbo hujaa. Kingamwili haziwezi kutofautisha kirusi cha utumboni na kile kilichobadilika. Paka mwenye afya tele na paka anayekufa huweza kutoa karatasi zinazofanana neno kwa neno.

Ndiyo maana nauona uamuzi wa kuanza na majimaji kuwa bora kuliko yote katika kisa hiki. Palipo na majimaji, hapo ndipo penye jibu, na kipimo cha Rivalta kinahitaji kichupa, asidi na maji, vitu ambavyo havingoji mashua wala basi. Nguvu yake kubwa iko katika kukanusha: jibu likiwa hasi, mtabibu hutafuta ugonjwa mwingine kwa imani zaidi kuliko anavyoweza kuthibitisha FIP kwa jibu chanya.

Upungufu mwingine ulikuwa namna jibu lilivyotolewa. Karatasi yenye neno “korona”, iliyotumwa kwa mtu asiye mtabibu miaka mitatu baada ya janga, ilikuwa hatari yenyewe. Mtoa huduma yule alipaswa kuipokea kwanza, na kabla ya hapo alipaswa kuiambia familia kwamba jibu chanya lilitarajiwa kwa karibu kila paka wa nyumba ile.

Uchambuzi: virusi viwili vya ukoo mmoja

Hofu ya mtaa haikuwa ya kijinga, na mtabibu alifanya vyema kutoibeza. Kirusi cha COVID-19 kweli huwaingia paka. Watafiti wa Harbin, China, walichapisha mwaka 2020 jaribio lililoonyesha kwamba paka huambukizwa na huweza kuambukizana, na Aprili mwaka huo chui milia wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, aligunduliwa kuwa nacho. Huko Thailand mwaka 2021 daktari wa mifugo aliambukizwa baada ya paka aliyekuwa akipimwa kumpigia chafya usoni. Hata hivyo, njia ya kawaida ni ya kutoka kwa mtu kwenda kwa paka wake. Swali la kuuliza lingekuwa kama kuna mtu aliyeugua nyumbani, wala halikuulizwa, na dalili za paka yule hazikufanana na ugonjwa huo hata kidogo. Virusi hivi viwili vimo katika matawi tofauti: cha paka ni cha kundi la alfa, cha COVID-19 ni cha kundi la beta.

Dawa ndizo zilizowachanganya watu zaidi, na zinastahili maelezo ya haki. Kiini kiitwacho GS-441524 ndicho ambacho dawa ya remdesivir, iliyotumika kwa wagonjwa wa COVID-19, hugeuka kuwa ndani ya mwili. Huzuia virusi kunakili jenetiki yao, na virusi vya korona vya matawi yote hunakili kwa mtambo unaokaribiana. Dawa moja kufaa magonjwa mawili hakuyafanyi yawe ugonjwa mmoja. Timu ya Niels Pedersen wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ilichapisha mwaka 2019 matokeo ya paka 31 waliougua FIP kiasili: 26 walimaliza wiki 12 za matibabu, na 25 waliishi kwa muda mrefu. Kabla ya hapo karibu kila paka mwenye FIP alikufa. Uingereza ilipata njia halali ya dawa hii mwaka 2021 na Marekani mwaka 2024, na utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba kwa FIP ya majimaji siku 42 zilitosha sawa na 84. Ninaandika hayo kwa uchungu fulani, kwa kuwa paka wa chungwa alikuwa mgonjwa wa aina hasa inayopona kwa dawa hiyo.

Uchambuzi: kutowapima waliobaki, na mpaka wa uamuzi huo

Kutowapima wengine kulikuwa sahihi kwa FIP ya kawaida, kwa sababu kirusi kilichobadilika kwa kawaida hakihami kwenda kwa paka mwingine. Kinachohama ni kile cha utumboni, nacho kilikwisha kuwafikia wote kupitia mchanga. Dada wa mgonjwa hakuwa hatari kwa wenzake zaidi ya alivyokuwa mwezi uliopita. Fedha za vipimo zilifaa zaidi kununulia mabeseni.

Kupro ndiko kunakoonyesha uamuzi huo unaishia wapi. Watetezi wa paka wa huko walitaja vifo 300,000, ilhali chama cha madaktari wa mifugo cha nchi hiyo kilikadiria kama 8,000. Hata kwa kadirio dogo, ulikuwa mlipuko usio wa kawaida, na watafiti walikuta sababu: kirusi cha paka kilichochukua kipande cha jenetiki kutoka kwa korona ya mbwa, wakakiita FCoV-23, nacho hupita moja kwa moja kutoka paka hadi paka. Kwa hiyo mtabibu aliiachia familia sharti moja pamoja na mabeseni. Paka wa pili wa nyumba ile akijaa tumbo au kupata homa isiyoshuka ndani ya wiki chache, asingoje dawa ya minyoo. Aitwe siku hiyo hiyo, na majimaji yake yapelekwe maabara inayoweza kusoma jenetiki ya kirusi. Mzee jirani aliliandika sharti hilo pamoja na nambari ya simu ya mtabibu, akalibandika ndani ya mlango wake, kwa kuwa paka wa nyumba zile mbili hupita ukuta mmoja.